Chakula cha Jioni Huamuliwa Mapema

Kila familia ina maazimio yake. Wengine huyaweka Januari, wengine baada ya daktari kutaja shinikizo la damu au kisukari, wengine siku wanapoona gunia la mkaa limeisha mwezi haujafika nusu. Maazimio yenyewe yanafanana: sukari ipungue kwenye chai, mboga za majani ziwepo kila siku, chakula kisimwagwe, mkaa udumu. Mwisho wake nao hufanana. Baada ya wiki tatu au nne chai imerudi kuwa tamu kama zamani, chipsi za barabarani zimechukua nafasi ya maharage, na nyanya zilizonunuliwa kwa nia njema zinatupwa zikiwa zimeoza.

Maelezo tuliyozoea kuyatoa ni kwamba watu hawana nia ya kweli. Naona maelezo hayo yanawaonea watu, tena hayamsaidii yeyote, kwa sababu hayamwonyeshi mtu cha kufanya kesho. Mtu aliyetoka kazini, akasimama kwenye daladala saa nzima, akafika nyumbani saa moja jioni na kukuta watoto wana njaa, hana nafasi ya kuchagua tena. Anachukua kilicho karibu. Kama maharage hayakulowekwa, siku hiyo hakuna maharage, hata angekuwa na nia ya chuma. Hoja yangu ni hii: tabia za jikoni hushindwa kubadilika kwa sababu tunazidai zibadilike wakati uamuzi umeshapita. Anayetaka kula vizuri zaidi na kupoteza kidogo zaidi ajiulize kwanza uamuzi wenyewe unaweza kuhamishiwa saa gani, ukiwa bado mwepesi.

Tabia hujengwaje

Mwaka 2002 mtafiti wa saikolojia Wendy Wood na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambao washiriki wake waliandika, saa baada ya saa, walichokuwa wakifanya na walichokuwa wakiwaza. Takriban asilimia 43 ya matendo yao yalikuwa yale yanayorudiwa karibu kila siku mahali palepale, mara nyingi mawazo yakiwa kwingine. Matokeo hayo yanatuhusu sana. Mtu anayetia vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe hawazi sukari. Anawaza ada ya shule. Ukimweleza madhara ya sukari nyingi mchana atakubali kwa moyo wake wote, na kesho alfajiri mkono wake utatia vijiko vilevile vitatu.

Jambo la pili ni muda. Watu wengi wameambiwa kwamba tabia mpya hukamilika kwa siku 21. Chimbuko la imani hiyo ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, aliyeandika katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya. Hakuwa akipima tabia za kila siku, na neno "angalau" lilipotea njiani. Aliyepima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Katika utafiti wao uliotoka mwaka 2009, watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja la kula, kunywa au kufanya mazoezi, wakalifanya kila siku katika mazingira yaleyale kwa wiki 12. Mtu wa katikati alichukua siku 66 hadi jambo hilo kuanza kujiendesha lenyewe. Wapo waliochukua siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Mambo mepesi, kama kunywa glasi ya maji, yalizoeleka mapema kuliko mazoezi ya mwili. Na walioruka siku moja hawakurudi mwanzo.

Kwa mtu wa kawaida, matokeo haya ni faraja. Anayekata tamaa wiki ya nne anaiacha kazi ikiwa haijafika hata nusu ya muda wake, kisha anajilaumu kwamba ni dhaifu.

Jambo la tatu ni namna ya kuahidi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba azimio la jumla, kama "nitakula vizuri", hutekelezwa mara chache kuliko azimio lililofungwa kwenye tukio: likitokea hili, nitafanya lile. Tukio linachukua kazi ya kukumbusha. Jikoni matukio hayo tayari yapo, tena hayakosi hata siku moja: kuosha vyombo vya usiku, kuchemsha maji ya asubuhi, kutoka kwenda sokoni. Kazi yetu ni kuyafungia jambo jipya moja moja.

Somo la maharage

Hakuna chakula kinachofafanua jambo hili kuliko maharage. Ni ya bei nafuu, yana protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi nyingi, na yakiwa makavu hukaa miezi bila friji. Hata hivyo familia nyingi za mjini huyaepuka siku za kazi kwa sababu moja: yanachukua muda na yanakula mkaa.

Sehemu kubwa ya muda huo ni kazi ya maji kupenya ndani ya punje. Yakipikwa makavu, moto ndio unaolipia kazi ambayo maji baridi yangeifanya bure usiku kucha. Maharage yaliyolowekwa saa nane au zaidi huiva mapema kwa kiasi kikubwa, na maji ya kulowekea yakimwagwa huondoka na sehemu ya sukari zile ambazo tumbo haliwezi kuzisaga na ambazo huleta gesi. Maharage ya zamani, yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, huwa sugu hata yakilowekwa. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu humuuliza muuzaji ni ya msimu gani.

Wengi hutatua ugumu huo kwa kutia magadi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu kwenye sufuria ya mtu ambaye pengine ameambiwa apunguze chumvi. Kulowekwa kunafanya karibu kazi ileile bila gharama hiyo.

Kisha kuna moto wenyewe. Maji yakishachemka hayaongezeki joto hata ukiongeza mkaa. Dar es Salaam yatabaki nyuzi 100, na Nairobi, iliyo juu sana ya usawa wa bahari, yatabaki takriban nyuzi 94, ndiyo maana chakula kilekile huchelewa zaidi huko. Mkaa wa ziada huyageuza maji kuwa mvuke tu, na mpishi hulazimika kuongeza mengine. Sufuria ikifunikwa na kidirisha cha hewa cha jiko kikafungwa nusu baada ya kuchemka, maharage yataiva katika muda uleule kwa mkaa mchache zaidi. Sufuria ya presha hufuata njia nyingine: huzuia mvuke, joto la maji hupanda hadi karibu nyuzi 120, na muda hupungua sana. Na kuna kapu la kupikia bila moto, lililojazwa vitambaa au sponji, ambamo sufuria iliyochemka hufukiwa iendelee kuiva kwa joto lake. Anayelitumia akumbuke jambo moja la usalama: maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa nguvu, kwa hiyo yachemke jikoni nusu saa kamili kabla ya kuingia kapuni.

Faida ya haya haiishii kwenye sufuria. Katika tanuri la kienyeji la kufunikwa udongo, kilo moja ya mkaa mara nyingi humeza zaidi ya kilo sita za mti. Kila kikapu cha mkaa kinachookolewa mjini kina miti yake msituni. Na moshi ambao haukuwashwa haukuingia kifuani mwa mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Yote hayo yanategemea tendo la dakika moja, kumimina maharage kwenye bakuli na kuyafunika maji, likifanywa usiku uliotangulia. Ndiyo maana nasema chakula cha jioni huamuliwa mapema. Azimio lifungwe hivi: vyombo vya usiku vikishaoshwa, bakuli la mwisho hubaki juu likiwa na maharage ya kesho.

Sokoni: kipi kinunuliwe kingi

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, iliyotolewa mwaka 2024, ilikadiria kwamba dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022 katika nyumba, hoteli na migahawa, na maduka, na kwamba asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Hesabu hiyo inajumuisha maganda na mifupa. La kushangaza zaidi kwa wengi ni kwamba wastani wa kinachotupwa nyumbani kwa kila mtu hautofautiani sana kati ya nchi tajiri na zile za kipato cha kati. Tusijidanganye kwamba utupaji ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Kwetu joto ni kali, friji ni chache, na umeme hukatika.

Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa fedha walikuwa sahihi. Jikoni methali hiyo inahitaji kugawanywa. Vitu vikavu kama maharage, mchele na dengu huwa nafuu vikinunuliwa kwa wingi, na familia inayonunua kwa kupima, robo leo na robo kesho, hulipa zaidi kwa kila kilo. Nyanya, mchicha na matembele hufuata kanuni nyingine: fungu la nne linaloongezwa kwa bei ya chee linakuwa nafuu likiliwa tu. Kwa hiyo senti zinazobanwa zielekezwe kwenye kununua vikavu mara moja kwa mwezi, hata kwa kuchangiana majirani wawili au watatu, na mboga zinunuliwe za siku moja au mbili.

Unga una mahali pake maalumu. Dona lina kiini na pumba, kwa hiyo lina nyuzinyuzi, vitamini B na madini ambayo sembe hupoteza mashineni. Lakini kiini hicho kina mafuta, na mafuta hayo huchacha, ndiyo sababu dona likikaa muda mrefu huleta uchungu na harufu, na familia hurudi kwenye sembe ikidhani dona ni unga mbaya. Suluhisho ni kuhifadhi mahindi na kusaga kidogo kidogo, ya wiki mbili kwa mfano.

Mboga za majani nazo hupoteza thamani kabla ya kufika mezani. Vitamini C na foleti huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mchicha unaokatwa kisha kuoshwa, ukachemshwa na maji yake kumwagwa, umeachwa bila sehemu kubwa ya kile tulichoununulia. Uoshwe mzima, ukatwe, uive upesi kwa maji machache. Chungwa au kachumbari yenye ndimu pembeni ya maharage husaidia mwili kunyonya madini ya chuma, na chai ya rangi inayonywewa papo hapo na mlo huyazuia. Kuisogeza chai saa moja mbele hakugharimu chochote, na kwa mama mjamzito au binti mwenye upungufu wa damu ni jambo la maana.

Mahali ambapo kubana na afya hutengana

Mara nyingi kinachopunguza upotevu huleta afya pia. Si mara zote, na mwandishi anayewahimiza watu wasitupe chakula ana wajibu wa kusema wazi wapi ni lazima kutupa.

Kiporo ni utamaduni mwema. Wali wa jana ukipashwa na kuliwa na chai umelea vizazi. Hatari yake iko kwenye saa zinazopita katikati. Bakteria waitwao Bacillus cereus huacha spora ambazo hazifi kwa kupikwa. Wali ukibaki kwenye sufuria ya uvuguvugu usiku kucha, spora huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na kupashwa moto. Mtu anadhani ameua vijidudu kwa kuchemsha, kumbe sumu imebaki. Kanuni ni kwamba kiporo hupozwa upesi: kitandazwe kwenye chombo kipana na kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Nyumba isiyo na friji haina njia salama ya kulaza wali katika joto la pwani, na kwayo dawa ni kupima mchele kabla ya kuuosha. Kikombe kimoja kinachojulikana na kila mpishi wa nyumba, na idadi ya vikombe inayolingana na walaji wa siku hiyo, huzuia kiporo kisichohitajika.

Mahindi na karanga zenye ukungu ni jambo zito zaidi. Sumukuvu, inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, haiondoki kwa mapishi ya kawaida. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ugonjwa huo uliwapata watu wa Dodoma na Manyara nchini Tanzania, na 20 walipoteza maisha. Kuwapa ng'ombe nafaka hiyo ili isipotee si suluhisho, kwa kuwa sumu hupita kwenye maziwa. Punje zenye ukungu zisiliwe na yeyote.

Hapa pia uamuzi wa mwisho ni mgumu na ule wa mwanzo ni mwepesi. Ni vigumu kwa mzazi kumwaga gunia wakati wa njaa. Ni rahisi zaidi kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo, kuyakausha sawasawa na kuyafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa mara baada ya kuvuna.

Kijiko, chupa na mkono

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya mlo, yaani takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na kwamba ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu nne hivi. Anayekunywa vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu ametumia gramu 36 kabla hajagusa soda, na chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida peke yake ina zaidi ya gramu 50. Chumvi inashauriwa iwe chini ya gramu tano, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikihesabiwa ile ya mchuzi, ya mkate na ya kwenye chipsi.

Kwa kuwa mkono ndio unaotenda, na huchukua kilicho karibu, tuanze na vilivyo mezani. Kopo la sukari lenye kijiko kidogo hutumika polepole kuliko lenye kijiko kikubwa. Kichupa cha chumvi kikiondoka mezani, anayekitaka itabidi anyanyuke. Jagi la maji likiwepo kabla chakula hakijapakuliwa, soda huacha kuwa kinywaji cha kwanza. Na ulimi hujirekebisha: sukari ikipunguzwa robo kijiko kila baada ya wiki chache, utamu wa zamani baadaye huonekana umezidi.

Mzigo wa nani

Lazima tuseme pia kwamba nyumba haiwezi kubeba yote. Mfano mzuri ni mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Miaka mingi ya nasaha kuhusu mitaro iliyoziba haikuwafanya watu wengi waache rambo, kwa kuwa muuzaji aliutoa bure na mkono uliupokea. Mfuko ulipotoweka dukani, watu walianza kutoka nyumbani na kikapu, na uamuzi ukahamia mlangoni. Nia za watu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni mazingira. Mifuko mbadala iliyokuja baada ya marufuku hizo mara nyingi imetengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine, hivyo faida yake inategemea kutumiwa tena na tena.

Nishati ya kupikia inafuata mantiki ileile. Mkakati wa Tanzania wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka wa mwisho. Lengo hilo litafikiwa bei zikiruhusu. Mtu anayepata fedha kwa siku hununua mkaa wa siku, na mtungi wa gesi unamtaka fedha nyingi kwa mpigo. Kumwambia abadili tabia bila kumrahisishia malipo ni kumtwisha lawama juu ya umaskini.

Ndani ya nyumba pia haki inahitajika. Ushauri mwingi wa afya na mazingira huandikwa kana kwamba msomaji ni mama peke yake: yeye aloweke, apime, aanike, apunguze chumvi. Tabia inayoongeza saa za kazi kwa mtu aliyechoka haitadumu, wala haistahili kudumu kwa namna hiyo. Anayeosha vyombo usiku, awe baba au kijana wa kiume, ndiye aloweke. Anayepita sokoni akirudi kazini ndiye anunue mchicha wa kesho. Kazi ikigawanywa kwa kufuata nani yupo wapi saa ngapi, kila mmoja hubeba dakika chache.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni achague jambo moja tu na alifungie kwenye tukio lisilokosekana. Maharage ya usiku yanafaa kuwa la kwanza, maana matokeo yake huonekana mapema kwenye mkaa na kwenye pochi. Alipe miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuongeza la pili, na siku atakayosahau aloweke usiku unaofuata bila kujilaumu. Awaambie wa nyumbani mwake jambo hilo ni lipi na linafanywa saa ngapi, ili siku akiwa safarini au mgonjwa, mwingine aliendeleze.